Maana ya kichocheo nuru, na jinsi kinavyogeuza kaboni dioksaidi kuwa kemikali

Kichocheo nuru ni kitu, mara nyingi unga laini wa madini fulani, ambacho kikipigwa na mwanga huanzisha mmenyuko wa kikemia usiotokea gizani, na chenyewe hakiishi wala hakigeuki. Kikitumiwa kwenye kaboni dioksaidi, kazi yake ni kuipa molekuli ya gesi hiyo elektroni na hidrojeni hadi iwe kitu chenye matumizi: kaboni monoksaidi, asidi ya fomiki, methanoli au methani. Mimea hufanya kazi ya jamii hiyohiyo kwa usanisinuru, ila yenyewe hutengeneza sukari.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita haraka, nami naona ndilo kiini. Kichocheo cha kawaida hakiongezi nishati. Mfikirie msafiri anayevuka safu ya milima: kichocheo humwonyesha njia ya chinichini ili asilazimike kufika kileleni. Lakini kama aendako ni juu kuliko alikotoka, hakuna njia ya mkato itakayomwondolea mpando. Na kaboni dioksaidi iko bondeni kabisa. Ndiyo inayobaki baada ya kuni, makaa au mafuta kuungua na kutoa joto lake. Gramu 32 za methanoli zikiungua hutoa kilojuli 726 hivi. Anayetaka kuirudisha gesi hiyo pamoja na maji kuwa methanoli ileile lazima alipe nishati ya kiasi hicho, na kwa vitendo hulipa zaidi. Kichocheo hakiwezi kulipa deni hilo. Mwanga unaweza, na kichocheo nuru ndicho kinachoupokea na kuuingiza ndani ya mmenyuko.

Huupokeaje? Tuchukue titani dioksaidi, unga mweupe uleule unaotiwa kwenye rangi za kuta. Ni nusu-kipitishi: haupitishi umeme kwa urahisi kama shaba, wala hauuzuii kabisa kama kioo. Elektroni zake zimetulia kwenye ngazi ya chini, na juu yake kuna pengo lisilo na ngazi yoyote. Fotoni (chembe moja ya mwanga) yenye nishati ya kutosha ikigonga chembe ya unga, elektroni moja huruka pengo hilo na kuacha tundu nyuma yake. Elektroni iliyo juu ina hamu ya kujitoa, na tundu lililo chini lina njaa ya elektroni. Ikiwa vyote viwili vitafika kwenye uso wa chembe, elektroni huiingia kaboni dioksaidi, nalo tundu hunyang'anya maji elektroni, oksijeni ikatoka na protoni, yaani hidrojeni zilizopoteza elektroni zake, zikabaki ndani ya maji. Protoni hizo ndizo zinazokuja kuwa hidrojeni ndani ya methanoli au methani.

Hiyo "ikiwa" ni kubwa. Mara nyingi elektroni hudumbukia tena kwenye tundu kabla ya kufika popote, ndani ya muda ulio mfupi mno kuliko sekunde moja ikigawanywa mara milioni, na nishati yote ikaishia kuwa joto. Ndiyo maana watafiti hupandikiza chembe ndogo za shaba, fedha au platinamu juu ya unga, ili elektroni zipate pa kukimbilia zisirudi nyuma.

Tena si kila mwanga unaofaa. Pengo la titani dioksaidi ya aina iitwayo anatase ni elektrovolti 3.2 (elektrovolti ni kipimo cha nishati ya elektroni moja), na fotoni za kulivuka ni zile zenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 390 hivi, yaani urujuanimno. Mwanga wa namna hiyo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayofika ardhini. Kadimiamu salfaidi, yenye pengo la elektrovolti 2.4, inanufaika na sehemu ya mwanga tunaouona kwa macho, lakini matundu yake huishambulia yenyewe na kuimega. Naitraidi ya kaboni, unga wa manjano wenye pengo la 2.7, imependwa sana miaka ya karibuni kwa sababu haina metali ndani yake.

Molekuli ya kaboni dioksaidi nayo ina ukaidi wake. Imenyooka, kaboni katikati na oksijeni pande zote mbili, na haitaki elektroni ya ziada. Kuisukumia elektroni moja peke yake kunahitaji volti hasi 1.9 (namba ikizidi kuwa hasi, msukumo unaohitajika ni mkubwa zaidi), kiwango ambacho karibu nusu-vipitishi vyote havikifikii. Njia inayopitika ni kuipa elektroni mbili au zaidi zikiandamana na protoni. Kwa kaboni monoksaidi zinatosha 2, na hitaji hushuka hadi volti hasi 0.53. Methanoli inataka 6, methani 8. Kila elektroni inayoongezwa ni hatua nyingine ambapo mambo yanaweza kupinda, na ndiyo sababu bidhaa zinazotoka mara nyingi ni mchanganyiko.

Wakati huohuo, protoni mbili zikikutana na elektroni mbili huwa gesi ya hidrojeni, na hilo ni jepesi kuliko yote hayo. Kaboni dioksaidi haiyeyuki sana majini, kama gramu 1.5 tu kwa lita kwenye nyuzi 25, ilhali maji yamejaa kila upande. Kichocheo kisichochagua hutoa hidrojeni nyingi na bidhaa za kaboni kidogo.

Wazo lenyewe si jipya. Mkemia wa Italia Giacomo Ciamician alilitetea jua kama chanzo cha kemia ya viwanda mwaka 1912. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha maji yakipasuliwa kwa mwanga juu ya titani dioksaidi, na mwaka 1979 Honda, Fujishima na wenzao walipuliza kaboni dioksaidi kwenye maji yenye unga wa nusu-vipitishi mbalimbali wakapata asidi ya fomiki, fomaldihaidi na methanoli. Mwaka 1983 kundi la Jean-Marie Lehn, Ufaransa, lilitumia molekuli yenye metali ya reniamu badala ya unga, likapata kaboni monoksaidi bila mchanganyiko mwingi. Ila elektroni za jaribio hilo hazikutoka kwenye maji. Zilitoka kwenye kemikali iitwayo triethanolamini, ambayo ililiwa njiani.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa macho. Jaribio la kawaida ni dogo: chupa ya kioo, maji, unga kidogo, taa kali, kisha gesi ya juu inavutwa kwa sindano na kupimwa. Matokeo huandikwa kwa maikromoli kwa kila gramu ya unga kwa saa. Maikromoli 10 za methanoli hazifiki hata nusu ya miligramu. Kwa kiasi kidogo hivyo, uchafu wa kaboni uliobaki kwenye unga tangu ulipotengenezwa unaweza kutoa methani na mtafiti akadhani imetoka kwenye gesi. Dawa yake inajulikana: jaribio linarudiwa kwa kaboni dioksaidi yenye kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ile ya kawaida, kaboni 12. Kaboni monoksaidi ikitoka na uzito wa 29 badala ya 28, kaboni yake imetoka kwenye gesi kweli. Na kama elektroni zimetoka kwenye maji, lazima oksijeni nayo ionekane, molekuli moja kwa kila mbili za kaboni monoksaidi. Ripoti isiyotaja oksijeni wala kemikali iliyotoa elektroni huwa naisoma kwa tahadhari kubwa.

Bidhaa zenyewe zina soko. Kaboni monoksaidi ikichanganywa na hidrojeni hutengeneza methanoli na mafuta ya kimiminika, na methanoli ni malighafi ya gundi, plastiki na asidi ya asetiki. Ila kuitumia gesi si sawa na kuiondoa angani. Kuchoma makaa, mafuta na gesi asilia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za kaboni dioksaidi kwa mwaka, kiasi ambacho viwanda vya kemikali haviwezi kukimeza. Methanoli ikichomwa kwenye injini, kaboni yake inarudi hewani siku hiyohiyo. Faida iliyopo ni kwamba imechukua nafasi ya mafuta ambayo yangechimbwa. Ikigeuzwa plastiki inayodumu, inakaa humo kwa miaka.