Mkaguzi peke yake hawezi: dhana potofu kuhusu ubora viwandani

Dhana: Ubora ni kazi ya mkaguzi anayekaa mwisho wa uzalishaji.

Ukweli: Mkaguzi anapokuta mfuko wa unga umepungua uzito, mahindi yameshasagwa, mfuko umeshashonwa na umeme umeshalika. Kilichobaki ni kuutenga. Hesabu nayo haimsaidii: bidhaa ikipita hatua 20, na kila hatua ikifanywa sawasawa mara 99 kati ya 100, zitakazofika mwisho bila kasoro ni kama 82 tu kati ya 100. Ndiyo maana mbinu iitwayo usimamizi wa ubora wa jumla huuweka ukaguzi mikononi mwa kila anayegusa bidhaa. Mvumbuzi Sakichi Toyoda wa Japani aliliona hilo kabla jina la familia yake halijawa la magari: mtambo wake wa kufuma wa mwaka 1924 ulijizima wenyewe uzi ukikatika.

Dhana: Kasoro zikizidi, wafanyakazi ni wazembe.

Ukweli: Hii mameneja wanaipenda sana. Mwaka 1982 kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, kilichokuwa na sifa mbaya ya utoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kikabaki kile kile. Kilichobadilika ni utaratibu, pamoja na kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuivuta akiona tatizo, hata kama kazi yote itasimama. Kikaanza kutoa magari yaliyosifiwa kwa ubora.

Hata bidii inaweza kuharibu. Chukua mashine ya kujaza mifuko ya kilo 2. Uzito hupanda na kushuka gramu chache. Hakuna mashine isiyofanya hivyo. Opereta akiirekebisha kila mfuko unapopungua kidogo, atazidisha kuyumba badala ya kupunguza. Walter Shewhart, aliyefanya kazi kwenye kampuni za simu za Bell nchini Marekani, alichora mwaka 1924 chati yenye mpaka wa juu na wa chini. Vipimo vikicheza katikati bila mwelekeo wowote, iache mashine. Kimoja kikivuka, tafuta sababu. Karatasi na penseli vinatosha. Na kama mashine imetulia ila mifuko bado haifai, wa kuulizwa ni aliyeinunua.

Dhana: Cheti cha ISO 9001 ni ushahidi kwamba bidhaa ni nzuri.

Ukweli: Cheti hicho cha kiwango cha kimataifa kinahusu mfumo wa usimamizi wa kiwanda. Bidhaa yenyewe ina viwango vyake na alama zake, kama zile za TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya.

Dhana: Ubora ni anasa ya viwanda vyenye fedha.

Ukweli: Mwaka 1950, mtakwimu Mmarekani W. Edwards Deming alipowafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani, nchi ilikuwa bado inajikongoja kutoka vitani. Anayeona ubora ni ghali hajatazama gharama ya ubovu, na si ajabu, maana haiandikwi mahali pamoja kwenye vitabu vya mhasibu. Imetawanyika: kidogo kwenye ovataimu, kidogo kwenye malighafi iliyonunuliwa mara mbili, kidogo kwenye mafuta ya lori lililorudisha mzigo uliokataliwa.