Safari ya ujasiri ni nini, na kiongozi wa vijana hufunzwa nini kabla ya kuipanga

Kwenda Lighthouse, ufuoni Mombasa, jioni kula mihogo na kunywa madafu ni matembezi. Kuvuka hori ya Tudor kwa mitumbwi, kupiga kambi katika hifadhi ya Shimba Hills, au kuteremka jabali kwa kamba ni safari ya ujasiri: shughuli ya nje inayodai ustadi uliofunzwa mapema, na ambayo ukichoka katikati huwezi kudandia matatu ukarudi zako nyumbani.

Hapa Kenya wengi huijua kupitia skauti au Tuzo ya Rais, mpango ulioanza mwaka 1966 na unaopokea vijana kuanzia miaka 14. Katika Tuzo hiyo, ngazi ya shaba hutaka siku 2 na usiku 1 safarini, fedha siku 3, dhahabu siku 4. Vijana huenda kwa vikundi vidogo, kwa nguvu zao wenyewe bila injini, na hutanguliza safari ya mazoezi.

Kiongozi anayewaandaa hufunzwa nini basi? Watu hudhani ni kuogelea na kufunga mafundo. Hayo yanafaa, lakini kiini cha mafunzo ya kupanga ni kutenganisha hatari mbili: inayohisiwa na iliyo halisi. Kijana anayeteremka jabali hutetemeka magoti, ilhali kamba zimekaguliwa, kofia ngumu iko kichwani na mwalimu amemshika kwa kamba ya pili. Hofu ni kubwa, hatari ni ndogo. Hivyo ndivyo safari ya ujasiri inavyotakiwa kuwa.

Kinachoua ni kinyume chake. Chukua matembezi ya kwenda mwambani maji yakipwa, pwani ya Nyali. Jua zuri, maji ya kifundoni, watu wanatafuta pweza; nani ataogopa? Lakini wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 hivi, tena haipandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kina hicho katika mafungu 12: saa ya kwanza hujaa fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, na vijana watakwambia mbona maji hayaendi. Saa ya tatu pekee huongeza sentimita 75. Na kwa kuwa mwamba uko juu kuliko sehemu iliyo kati yake na ufuo, wewe unasimama pakavu huku njia yako ya kurudi imeshakuwa kina.

Ndiyo maana katika mpango huandikwa saa ya kugeuka, yaani ya kuanza kurudi ufuoni. Huwekwa nchi kavu, kwa kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa, na huwa kabla maji hayajaanza kujaa. Huandikwa pia nani mwenye neno la mwisho, awe mtu mmoja, maana mabishano ya watu ishirini mwambani hayana mshindi. Nimeona mipango ya kurasa nyingi, iliyonakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, yenye orodha ndefu ya vyakula na isiyosema popote maji yanapwa saa ngapi.

Majira nayo yana neno lake. Upepo wa kaskazi, wa Novemba hadi Machi, hutuliza bahari, kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka inafaa kwa mitumbwi. Likizo ya Aprili huangukia masika, na ya Agosti iko ndani ya upepo wa kusi, bahari ikiwa imechafuka; hapo kiongozi mwenye busara hugeukia bara. Shimba Hills pana maporomoko ya Sheldrick, lakini pana ndovu pia, hivyo kikundi hutembea na askari wa KWS, shirika la wanyamapori.

Mengine ni ya kawaida: barua za ruhusa za wazazi, sanduku la huduma ya kwanza, watu wazima wasiopungua wawili, na vijana kuangaliana wawili wawili majini.

Linalosahaulika sana ni nakala ya kuacha nyuma. Huachiwa mtu asiyesafiri, ikiwa na majina, njia, saa ya kurudi na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Mkisema mtarudi saa kumi, na kufika saa kumi na moja hampatikani kwa simu, mtu huyo hasubiri magharibi: anapiga 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na kuwasomea karatasi hiyo.