Bomba la kiwandani hupita mikononi mwa wengi kabla ya kupitisha mvuke

Ukitazama kiwanda kikubwa kutoka nje, unaona msitu wa mabomba na ni rahisi kudhani kazi yote ilikuwa ya mafundi kuyakata na kuyachomelea. Kazi yao ni kubwa kweli, nami nitaifikia. Lakini kabla kipande cha kwanza hakijakatwa, bomba hilo limeshapita kwa wahandisi wa fani tano au sita, na makosa mengi ninayoyaogopa huzaliwa pale kazi inapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Chukua bomba la chuma lenye urefu wa mita 60. Mhandisi wa mchakato, yaani yule anayeamua nini kitapita ndani yake na kwa joto gani, ameandika nyuzi 120 za Selsiasi. Chuma cha kawaida hurefuka takriban milimita 1.2 kwa kila mita joto lake linapopanda nyuzi 100. Kwa hiyo bomba lililofungwa likiwa na nyuzi 20 litarefuka kama milimita 72. Baadaye mchakato unarekebishwa na joto linakuwa nyuzi 220. Kwenye jedwali imebadilika tarakimu moja tu. Kwenye bomba, urefu unaoongezeka umekuwa milimita 144, na chuma kinachotanuka hakibembelezwi: ukikibana ncha zote mbili, kitapinda, kitasukuma pampu au kitafungua kiungio.

Tarakimu hiyo moja sasa inawagusa wote. Mhandisi wa mikazo, yaani yule anayekokotoa nguvu zinazolisukuma na kulipinda bomba, anarudia hesabu na kugundua kuwa bomba linahitaji mzunguko wa umbo la U ili lipate pa kujinyoosha. Mchoraji wa mpangilio anatafuta nafasi ya mzunguko huo na kukuta mhandisi wa umeme amekwisha kupitisha trei za nyaya pale pale. Mhandisi wa ujenzi anaambiwa nguzo yake itasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi, wakati huenda zege la msingi limeshamwagwa. Mhandisi wa mitambo anauliza kama mdomo wa pampu utastahimili, kwa sababu mtengenezaji wa pampu huweka kikomo cha nguvu zinazoruhusiwa pale; zikizidi, mhimili wa pampu hutoka kwenye mstari na beringi huliwa mapema. Naye mhandisi wa vifaa lazima azikague upya flanji, yaani pete za chuma zinazounganisha mabomba kwa bolti, na gasketi zinazoziba katikati yake, maana flanji ileile hubeba shinikizo dogo zaidi joto linapopanda.

Ndiyo maana timu makini hutunza orodha moja ya mabomba. Kila bomba lina namba yake, joto lake, shinikizo lake na namba ya toleo, na hakuna anayebadilisha kitu humo bila wenzake kupewa taarifa na kujibu. Wengi huona kazi hii kuwa ya karani. Mimi naiweka sawa na hesabu zenyewe.

Siku hizi kuna modeli ya pande tatu kwenye kompyuta, na timu huikagua pamoja kwa awamu, kwa kawaida kazi ikifika karibu asilimia 30, 60 na 90. Modeli huonyesha vizuri bomba linapogonga boriti. Haisemi kama mwendesha mitambo ataifikia valvu akiwa amevaa glavu, au kama kuna nafasi ya kuitoa pampu ikiharibika. Hayo huyajua wanaokiendesha kiwanda, kwa hiyo waitwe mapema. Wakiitwa kwenye asilimia 90, maoni yao huandikwa tu na kuwekwa kando.

Madhara ya fani moja kukosekana yalionekana Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974. Kiwanda hicho kilikuwa na vinu sita vya kikemikali vilivyopangwa mfululizo. Kinu cha tano kilipata ufa, kikaondolewa, na bomba la muda la inchi 20 likaunganisha cha nne na cha sita, likiwa na mivukuto, yaani vipande vyenye mikunjo vinavyonyumbulika, kwenye ncha zote mbili. Nafasi ya mhandisi mkuu wa mitambo ilikuwa wazi wakati huo. Mchoro pekee ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, na hakuna aliyepiga hesabu ya nguvu ambazo shinikizo lingesukuma nazo mivukuto ile. Bomba lilipoachia, wingu la mvuke wa saikloheksani, kemikali inayowaka kwa urahisi, lililipuka na watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi; katika siku ya kazi ya kawaida kungekuwa na watu wengi zaidi.

Kwenye eneo la ujenzi, ushirikiano hupimwa siku ya kujaribu bomba kwa maji. Kwa kiwango cha ASME B31.3, cha chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, kinachotumika sana kwenye mabomba ya mchakato, shinikizo la jaribio la maji huanzia mara 1.5 ya lile lililosanifiwa. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika: bomba la gesi la inchi 24 likijazwa maji hubeba karibu kilo 270 za maji kwa kila mita, uzito ambao halitaubeba tena maishani mwake. Mhandisi wa ujenzi asipoambiwa, nguzo zake zimekadiriwa kwa bomba tupu. Mchoraji naye lazima awe ameweka tundu la kutolea hewa kila penye mwinuko, kwani hewa iliyobanwa huhifadhi nishati nyingi inayoweza kuua watu bomba likipasuka.

Vishikizo vya springi, vinavyolibeba bomba huku vikiliacha lisogee, hufungwa kwa pini wakati wa jaribio hilo, na pini zikisahaulika, bomba halitasogea litakapopata joto. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mhandisi wa mikazo, msimamizi wa mafundi na mwendesha mitambo hutembea pamoja kando ya bomba zima wakiwa na michoro iliyotiwa alama nyekundu kila mahali ambapo mafundi walilazimika kubadilisha kitu. Joto likishatulia hurudi tena kupima bomba limesogea milimita ngapi, na kulinganisha na hesabu.