Namba 4,294,967,297 si tasa

Wengi tulitoka shuleni na imani hii: namba kubwa ikiishia na 7, na ikakataa kugawanyika kwa 3, 7, 11 na 13, basi ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sivyo. Hata Pierre de Fermat, mwanahisabati mahiri wa Ufaransa wa karne ya 17, aliteleza kwenye namba 4,294,967,297. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, akaamini kwamba inayofuata katika mtiririko huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ukijumlisha 1), yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1, ni tasa pia.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaipasua: 641 × 6,700,417.

Chini ya 641 kuna namba tasa 115, na hakuna hata moja inayoigawanya bila baki. Ukikomea ya mia, umeshakosea. Lakini kuna njia ya mkato, na ndiyo ninayoipenda zaidi: kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakishe 1 ukikigawanya kwa 64. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu!