Mwanasayansi wa kompyuta kati ya matatu na malaria

Wanafunzi wa uzamili hapa Nairobi huniuliza nilivyotoka kwenye njia za matatu nikaingia kwenye malaria, kana kwamba niliacha taaluma moja nikashika nyingine. Ukweli ni kwamba kazi zote mbili zinahusu mtandao wa nukta na mistari: nukta ni sehemu watu wanakotoka na kufika, mistari ni safari zao, na hesabu za kuuchambua mtandao huo hazijali kama abiria amebeba gunia la viazi au vimelea vya ugonjwa. Anayejali ni mtaalamu wa fani husika, na ugumu wa kazi yetu huanzia kwake.

Kuhusu matatu, msingi uliwekwa na mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani. Wanafunzi walipanda magari wakiwa na simu zenye GPS, na mwaka 2014 ramani ya njia za jiji ikatolewa kwa umma. Muundo wa data walioutumia, GTFS, yaani namna ya kuandika njia, vituo na ratiba za usafiri wa umma ili kompyuta izisome, ulitokana na miji ambako basi lina ratiba, ilhali matatu huondoka ikijaa na hushusha abiria pale utingo anapogonga bati, hivyo ilibidi urekebishwe ili uendane na hali hiyo. Kwa mpangaji wa usafiri, kinachohesabiwa ni safari ya mchana: nani anakwenda wapi, saa ngapi.

Kwa malaria, hesabu hiyohiyo haifai. Mbu aina ya Anofelesi huuma zaidi usiku, kwa hiyo mtu aliyekwenda Kisumu asubuhi na kurudi kabla ya giza si sawa na aliyelala huko wiki nzima, hata kama katika mtandao wote wawili wamechora mstari uleule. Tunalazimika kuhesabu usiku badala ya safari. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2012 ulitumia data ya simu ya takriban wateja milioni 15 wa Kenya, ya kati ya Juni 2008 na Juni 2009, bila majina yao, na kuilinganisha na ramani za maambukizi. Ukaonyesha vimelea vikisafirishwa na watu kutoka eneo la Ziwa Victoria hadi Nairobi, jiji ambalo baridi ya nyanda za juu huchelewesha kukua kwa vimelea ndani ya mbu.

Data ya aina hii ina vituko vyake. Mtu anayeishi katikati ya minara miwili ya simu huonekana akisafiri huku na huku ilhali ameketi barazani kwake, kwa kuwa simu yake hupokewa mara na mnara huu, mara na ule. Wengine wana laini mbili, na kuna laini inayotumiwa na nyumba nzima. Zaidi ya hayo, watoto wa chini ya miaka mitano, ambao malaria huwaua kuliko kundi lolote lingine, hawana simu kabisa. Hakuna algoriti itakayokueleza hilo; utaelezwa na muuguzi wa zahanati au mtaalamu wa wadudu, ukiwa na subira ya kumsikiliza kabla ya kufungua kompyuta.

Jambo la mwisho halihusu hesabu, lakini limewakwamisha watafiti wengi kupandishwa cheo. Katika sayansi ya kompyuta, makala ya kongamano zito ina uzito sawa na ya jarida. Katika biolojia, makala ya kongamano ni kama haipo. Jina la mwisho katika orodha ya waandishi wa biolojia kwa kawaida ni la kiongozi wa maabara, ilhali katika baadhi ya matawi ya fani yetu majina hufuata alfabeti tu. Ndiyo maana, kabla programu yoyote haijaandikwa, mimi huomba mpangilio wa majina ujadiliwe na makubaliano yatumwe kwa barua pepe kwa wahusika wote.