Tundu la kitasa na tundu la bawaba: namna ninavyochagua keekee

Nimekuwa seremala hapa Kisumu kwa miaka mingi, karakana yangu ikiwa karibu na soko la Kibuye, na swali ninaloulizwa mara kwa mara na mafundi chipukizi, na hata na wenye nyumba wanaopenda kujifanyia kazi ndogondogo, ni kama wanunue keekee ya mkono au ya umeme, ile ambayo wengi tunaiita drili. Kabla ya kujibu, mimi huuliza ni kitu gani kitakachokaa ndani ya tundu hilo. Tundu la skrubu, la kitasa, la bawaba ya kabati na la sinki la jikoni yote ni matundu, lakini kila moja lina kosa lake lisilosameheka, na kosa hilo ndilo linalopaswa kukuongoza unaponyoosha mkono kuchukua chombo.

Nianze na kitasa cha kuzamisha, yaani kile ambacho kasha lake lote hufichwa ndani ya ukingo wa mlango, kwa kuwa ndicho kinachoharibu milango mingi. Tuseme mlango una unene wa milimita 44 na kasha linahitaji nafasi ya milimita 16: pande zote mbili zitabakiwa na kuta za milimita 14 tu, nawe unatakiwa ushuke kina cha milimita 75 hivi bila kuzigusa. Ukiinamisha keekee kwa digrii 10, kiasi ambacho jicho lililochoka halikioni, biti, yaani chuma chenye makali kinachotoboa, ikifika chini itakuwa imehama takriban milimita 13, na ukuta wa upande mmoja utakuwa umekwisha. Hivyo ndivyo ilivyonitokea nikiwa kijana, katika nyumba moja mtaani Milimani. Nilitumia biti bapa, ile iliyo kama kijiko bapa chenye ncha ndefu katikati, kwenye keekee ya umeme, nikaibana swichi hadi mwisho, biti ikafuata nyuzi za mbao na kuchomoza usoni mwa mlango wa mvule uliokuwa umekwisha kupakwa vanishi. Ilinibidi nitengeneze mlango mwingine kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sijatumia biti bapa kwa kitasa.

Kwa kazi hiyo natumia keekee ya mkono, ile yenye mpini uliopinda kama kiwiko, nikiwa nimeifunga biti ya parafujo. Ncha ya biti hiyo ina uzi kama wa skrubu, nao huivuta mbaoni wenyewe, kwa hiyo huhitaji kusukuma kwa nguvu; kazi yako ni kuzungusha na kuilinda isiiname. Nausimamisha mlango kwa ukingo na kuubana barabara, nachora mstari wa katikati, kisha naisimamisha guni, kile kipimo cha pembe mraba, kando ya biti na kuitazama baada ya kila mizunguko michache. Polepole hii ndiyo faida yake kuu, kwa maana keekee ya mkono inakupa nafasi ya kurekebisha kabla kosa halijawa kubwa, ilhali ya umeme hulimaliza tundu kabla hujatambua kwamba umekwenda kombo. Natoboa matundu yanayokaribiana kwenye mstari huo, kisha patasi ndiyo inayoyaunganisha yawe mstatili. Mapigo ya kwanza nayapiga ya kukata nyuzi, kwenye ncha za juu na za chini za mstatili, na baada ya hapo ndipo nakwangua kuta za pembeni kwa mkono bila nyundo, uso bapa wa patasi ukiegemea mstari niliouchora. Ukizianza kuta kwa nyundo, mbao itapasuka kwa kufuata nyuzi hadi mahali usipopataka.

Mvule una jambo lake ambalo fundi wa huku hana budi kulijua. Ndani ya mbao hiyo hupatikana mawe, ambayo ni madini ya chokaa yanayojikusanya katika shina mti ukiwa hai, na hakuna dalili ya nje inayokuonyesha yalipo. Ukiwa na keekee ya mkono utayahisi mara moja kiganjani, nawe utasimama. Ukiwa na ya umeme utasikia mkwaruzo, na makali yatakuwa yamekwisha kulika. Vumbi la mvule pia huwasha ngozi na kukera mapafu, kwa hiyo mtu anayetumia mashine inayolirusha hewani avae barakoa hata kama kazi ni ya dakika tano.

Bawaba za kabati ni habari nyingine kabisa, na hapa umeme ndio unaofaa. Kikombe cha bawaba ya kujificha kina kipenyo cha milimita 35 na huzama kiasi cha milimita 12 au 13, huku ubao wa kabati ukiwa na milimita 18, hivyo kinachobaki nyuma ni milimita 5 au 6. Ncha ya katikati ya biti bapa ni ndefu kuliko hapo, nayo itatokeza upande wa pili kabla kikombe hakijafika kina chake. Biti inayohitajika ni ile yenye ukingo wa duara na ncha fupi, inayoitwa Forstner kwa jina la Benjamin Forstner aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1874. Kinachoiongoza ni ukingo wake, wala si ncha, ndiyo maana huacha tundu lenye sakafu iliyo sawa na kuta laini. Ukiweza, ifunge kwenye keekee ya kusimama, yaani mashine iliyo juu ya nguzo inayoshusha biti wima, ambayo ina kizuizi cha kina. Na usipoweza, zungushia biti utepe wa rangi mahali pa kukomea.

Kuhusu mwendo wa mashine, nawasihi wenzangu wafanye hesabu hii mara moja wasiisahau. Biti ya milimita 10 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, makali yake ya nje husafiri mita 47 hivi kwa dakika. Msumeno wa kikombe wa milimita 54, unaotumika kwa vitasa vya mviringo, ukizunguka kwa kasi hiyohiyo, meno yake husafiri zaidi ya mita 250. Moshi unaouona na weusi unaobaki kwenye kuta za tundu unatokana na hapo. Tundu likiwa kubwa, punguza mwendo, utoe msumeno mara kwa mara kumwaga vumbi, na ushike mpini wa pembeni kwa mkono wa pili, kwa sababu meno yakinasa, mashine ndiyo itakayozunguka na kiganja chako pamoja nayo. Ncha ikichungulia upande wa pili, acha, geuza mlango, umalizie kutoka huko, nyuzi zisichanike.

Matundu ya skrubu hayana maneno mengi: tumia keekee yoyote, ila kwa mkaratusi na mbao nyingine ngumu biti iwe na unene wa kiini cha skrubu, bila kuhesabu uzi wake, na kwa saiprasi iwe nyembamba kidogo. Tundu la sinki nalo linahitaji matundu manne kwenye pembe zake, kisha msumeno mwembamba wa mkono au jigso, yaani msumeno mdogo wa umeme, wa kukata kutoka tundu moja hadi jingine.

Linabaki suala la mahali. Nikiitwa Seme au Nyakach kwenye nyumba ambayo bado haijavutiwa umeme, hubeba keekee ya betri pamoja na ile ya mkono, nikijua kwamba betri mbili huenda zisimalize milango minne, na kwamba hata hapa mjini umeme hukatika fundi akiwa katikati ya tundu.

Anayenunua keekee ya mkono iliyotumika, ambayo kwa maoni yangu mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi, aangalie kwanza kama taya zinaibana biti bila kuyumba. Biti za parafujo zikiwa butu azinoe kwa tupa ndogo, na zile kucha mbili za pembeni zinazochora duara azinoe kwa upande wa ndani tu. Akizigusa kwa nje, duara litapungua, mwili wa biti utakuwa mpana kuliko tundu unalolichimba, na biti itakwama ndani ya mlango.