Mstaafu Harudi Kwenye Kiti Chake

Kila mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa mwezi wa Juni, huja ofisini kwangu hapa Nakuru, Kenya, watu waliokwisha kustaafu, kila mmoja akiwa na barua mkononi. Barua hizo hufanana: zina nembo ya mwajiri wa zamani, salamu za heshima, na sentensi moja inayosema kwamba mhusika anaombwa arejee "kusaidia kwa muda". Nimeshughulikia masuala ya ajira kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza katika kampuni za maua na maziwa na sasa nikiwa mshauri wa kujitegemea, na neno hilo "kusaidia" hunitia wasiwasi kuliko kifungu chochote cha sheria.

Sababu za kurudi kazini sizihoji. Kuna karo ya kitinda mimba aliye chuoni, kuna nyumba ya mashambani isiyoezekwa, kuna pensheni ambayo bado haijaanza kuingia, na kuna wale wanaokiri kwamba kukaa nyumbani kumewachosha kuliko kazi yenyewe. Ninalohoji ni dhana kwamba mtu anarudi pale alipoachia. Mkataba wake wa kwanza ulikoma siku ile alipoagwa kwa keki na hotuba, na anayeingia langoni leo ni mwajiriwa mpya, hata kama bawabu bado anampigia saluti.

Tuanze na umri, kwa maana hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 haitaji umri wowote wa kustaafu, hivyo katika kampuni binafsi umri huo hutokana na mkataba au kanuni za mahali pa kazi. Katika utumishi wa umma ni miaka 60, baada ya kupandishwa kutoka 55 mwaka wa 2009, na kwa watu wenye ulemavu ni miaka 65. Aliyestaafu serikalini anaweza kuajiriwa tena kwa mkataba, lakini Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka wa 2017 inataka awe na maarifa au ujuzi adimu unaohitajika wakati huo, awe yeye mwenyewe ameridhia, na utendaji wake usiwe umeathiriwa na umri. Neno zito hapo ni "adimu". Uzoefu wa miaka thelathini, peke yake, si ujuzi adimu, na ahadi ya mkubwa wako wa zamani mliyekutana naye mazishini haitoshi, kwa kuwa uamuzi ni wa Tume au mamlaka ya uajiri.

Mwalimu aliyestaafu ambaye anaajiriwa na bodi ya shule, jambo la kawaida huku kwetu kuanzia Njoro hadi Kakamega, aelewe vilevile kwamba mwajiri wake sasa ni bodi hiyo na si Tume ya Huduma za Walimu. Mshahara utatoka katika mfuko wa shule, na mfuko wa shule hutegemea karo.

Sasa nisimulie kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, chama kimoja cha ushirika wa maziwa katika kaunti hii kiliniomba niandike barua ya kumrudisha mhasibu wake mkuu aliyekuwa amestaafu miezi mitano kabla. Niliandika ukurasa mmoja: malipo, tarehe ya kuanza, na kwamba "atasaidia idara ya hesabu". Sikutaja mwisho wa mkataba, na sikutaja ni nani angetia saini hundi. Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye mzee huyo ndiye aliyemfundisha kazi.

Nilipopita pale baada ya miezi minne nilikuta meza mbili zikitazamana. Funguo za sefu zilikuwa kiunoni mwa mzee. Karani aliingia na hundi za wafugaji, akasimama katikati ya chumba asijue aelekee upande upi, kisha miguu ikampeleka kwa mzee kwa mazoea. "Mzee, hizo nimeshazipitisha," yule mwanamke akasema kwa upole. "Sawa, binti yangu, lakini ngoja kwanza nizitazame," mzee akajibu, akivaa miwani. Hakuna aliyepaza sauti. Hata hivyo hundi hizo zilikaa mezani mpaka Jumatatu, na wafugaji walikuwa nje wakisubiri.

Mzee hakuwa mkorofi, wala yule mwanamke hakuwa dhaifu. Ni barua yangu iliyowaweka wawili katika cheo kimoja, nami nikaiachia adabu ya Kiafrika itatue kile ambacho kalamu ilipaswa kukitatua. Mwanamke yule asingeweza kumwambia mtu wa rika la baba yake kwamba sasa yeye ndiye bosi. Jambo hilo lilipaswa kusemwa na karatasi.

Tangu hapo siandiki mkataba wa mstaafu usiotaja anayemripotia ni nani, mamlaka gani hana tena, na tarehe ambayo kazi itakwisha. Sheria yenyewe inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho umekwisha, na kwamba kutarajia kuongezewa muda si haki yenyewe. Kama mmekubaliana kiinua mgongo, kiandikwe. Muda wa majaribio ninauona hauna maana kwa mtu mliyekaa naye miaka ishirini, ingawa waajiri wengine huusisitiza.

Kuhusu makato, wastaafu wengi hushtuka mwezi wa kwanza. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, pensheni anayolipwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko wake haitozwi kodi ya mapato. Nafuu hiyo ni ya pensheni, si ya mtu. Mshahara mpya unatozwa kama wa mfanyakazi mwingine yeyote, unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu. Kwa mshahara wa shilingi 40,000, makato hayo mawili pekee ni shilingi 1,100 na shilingi 600, kabla hujagusa kodi yenyewe. Kisha kuna kuwasilisha taarifa ya mapato kwa mamlaka ya ushuru kufikia tarehe 30 Juni mwaka unaofuata.

Ili kukwepa hayo, baadhi ya waajiri humwita mstaafu "mshauri", wakamkata asilimia 5 tu ya kodi ya zuio, yaani ile ambayo mlipaji huikata kwenye ada za kitaalamu kabla ya kulipa. Ushauri wa kweli upo, nami ndio unaonilisha. Lakini mtu anayetakiwa kufika saa mbili asubuhi, anayeomba ruhusa ili aende hospitali, na anayetumia kompyuta ya ofisi kwa kazi anazopangiwa na msimamizi, huyo ni mwajiriwa, na mgogoro ukizuka hakimu atatazama hali ilivyo kabla ya kutazama jina lililoandikwa. Aliyemkatalia likizo ya siku 21 kwa kisingizio hicho atajikuta akiilipa.

Mshahara wa zamani nao ni kipimo kibaya cha kuanzia mazungumzo. Huwashauri wastaafu wajadili siku kwanza, halafu majukumu, na malipo mwisho, kwa kuwa siku mbili kwa wiki za kazi inayoeleweka humfaa mtu wa miaka 62 kuliko siku tano za kazi isiyo na mipaka.

Ndivyo tulivyofanya kwa yule mhasibu nilipoandika mkataba upya. Alichagua Jumanne na Alhamisi, akapewa kazi ya kupanga kumbukumbu za zamani na kuwafundisha makarani wawili, na meza yake ikahamishiwa chumba cha pili. Hakufurahi siku hiyo, na hakunificha. Mkataba ulipomalizika, alikuja asubuhi na mapema na ufunguo wa kabati la kumbukumbu, ndio pekee aliobakiziwa, akauweka mezani kwa yule mwanamke, kisha akaendelea kusimama pale. "Binti yangu," akamwambia, "niandikie risiti."